Kikwembe Ambacho Christa Hakukikanyaga

Jambo la kwanza ambalo mtu aliliona kwa Kanyere Christa, akimkuta sokoni Musienene, lilikuwa ni miguu yake. Wanawake wengine walikata njia katikati ya bidhaa, wakikanyaga pembe ya turubai la huyu na gunia la yule, wakisema pardon huku wamekwisha kupita. Christa hakufanya hivyo. Alikuwa mwanamke mnene wa miaka arobaini na miwili, mwenye debe la maharagi kichwani, lakini alizunguka. Kama njia ilizibwa na vitambaa vya wauza nyanya, aliteremka mpaka kwenye mtaro wa maji machafu, akapita humo, akapanda ng'ambo ya pili akiwa na matope hadi kwenye vifundo vya miguu. Mgeni angedhani ni adabu iliyozidi. Wenyeji walikuwa na maelezo yao, na hawakuyaweka moyoni.

"Mutoshe bâche, banamama," alisema muuza vitunguu mmoja, akijifanya kuondoa turubai lake njiani. "Maman Présidente anapita."

"Hapana tosha," mwenzake alijibu bila kuinua kichwa. "Ule hakanyagake vitu ya bamaskini. Utaona, ataenda kwa matope."

Christa alikwenda kwenye matope, na kicheko kikamfuata mpaka mwisho wa safu.

Jina la Maman Présidente lilikuwa limeanza kama heshima. Kabla ya hapo aliitwa Mama Ésaïe, kwa jina la mtoto wake wa kwanza, kama mwanamke yeyote. Mume wake, Kitsa Zorobabel, alikuwa prefe, yaani mkuu, wa shule ya sekondari ya Waprotestanti. Mshahara wa serikali ulikuwa umesahaulika tangu zamani, kwa hiyo nyumba ile ilikula kutokana na maharagi na viazi vya Christa. Zorobabel alikuwa na Kifaransa kizuri na suti moja. Christa aliipiga pasi suti hiyo kila Jumapili, na hakuona uchungu, kwa sababu alimpenda.

Kwa miaka tisa Christa aliuza kwenye turubai moja na rafiki yake Godelive. Walilinunua pamoja, wakagawana: maharagi upande wa Christa, viazi upande wa Godelive, kopo la kupimia katikati. Godelive alikuwa Mkatoliki mwenye maneno mengi.

"Ninyi Baprotestanti munaimbaka sana," alipenda kusema, "kwa sababu hamuna rozari. Mikono inakosa kazi, donc mudomo inafanya ya yote."

"Na ninyi mushike rozari vizuri," Christa alijibu, "maana hamujue hata wimbo moja mpaka mwisho."

Mume wa Godelive, Syauswa Apollinaire, alikuwa mtu mwembamba wa kifua kibovu aliyefanya kazi ya foni, ile redio ya mawasiliano ya parokia. Kila asubuhi alisomea Butembo na Beni bei ya maharagi, kisha bei ya viazi, kisha majina ya waliofariki na ya watoto waliozaliwa. Wafanyabiashara wa Butembo hawakupeleka lori kabla ya kumsikia. Alipomwoa Godelive alikuwa amemletea kutoka Kasese, ng'ambo ya mpaka, kikwembe, kitenge cha kujifunga, cha kijani chenye ndege weupe, na Godelive alikivaa siku ya Noeli na kwenye harusi tu. Mara moja tu kiliwahi kutoka kwenye sanduku lake kwenda kwa mtu mwingine: Christa alikiazima siku ya kumweka mtoto Ésaïe wakfu mbele ya kanisa. Tone la mafuta ya mawese lilidondoka pembeni. Walifua wote wawili mpaka vidole vikauma, na doa likabaki, dogo kama punje ya haragi.

"Acha," Godelive alisema mwishoni. "Sasa kikwembe iko na alama yako. Siku itaibiwa, nitakuita shahidi."

Vita vilikuja Agosti ya mwaka wa elfu moja mia tisa tisini na nane, na baada yake vyama vya waasi vikazaliwa kimoja tumboni mwa kingine. Kimojawapo kilimhitaji mtu wa kuandika matangazo kwa Kifaransa kisicho na makosa. Zorobabel akachukua suti yake akaenda Beni. Wakuu wa chama hicho walipogombana na kutawanyika, maofisa wa kigeni waliokuwa na bunduki walitafuta rais mpya, na sifa waliyoitaka ilikuwa moja: asiwe na askari wake mwenyewe. Kati ya watu wote wa chama, ni prefe wa Musienene peke yake aliyekuwa na sifa hiyo kamili. Hivyo akawa Rais wa nchi ambayo pikipiki yenye tangi moja la mafuta iliimaliza kwa siku moja.

Christa aliletwa Beni kwa jeep, pamoja na watoto wake watatu. Wakapewa nyumba kubwa katika mtaa wa Bungulu, yenye viti vya sofa na walinzi mlangoni. Alikabidhiwa kwa kijana mmoja wa protokoli aitwaye Phinées, aliyevaa miwani isiyo na namba, ya kujipamba tu, na huyo ndiye aliyemfundisha kazi ya kuwa mke wa Rais.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Alipeleka sabuni kwenye wodi ya wazazi na kusimama karibu na kitanda mpaka picha ipigwe. Alikaa kwenye kiti cha pili kutoka kushoto wakati wa hotuba. Hakuzungumza Kinande, lugha ya kwao, mbele ya maofisa wa kigeni, kwa sababu walidhani wanasengenywa. Alikwenda kutoa pole kwa wajane, akiwa na mfuko wa sukari, na mara mbili au tatu alijua, kama wajane wenyewe walivyojua, kwamba waliomuua marehemu walikuwa ni askari wa mume wake. Walipokea sukari kwa mikono miwili. Walisema wasingya, asante kwa Kinande, na hakuna aliyemtazama machoni.

"Naweza uliza Président juu ya ile mambo?" alimwuliza Phinées walipotoka kwenye msiba wa kwanza.

"Maman, bibi ya Président haulizake," Phinées alijibu kwa upole, kama mwalimu wa darasa la kwanza. "Anashukuru."

Na kwa sababu Zorobabel mwenyewe alikuwa amekwisha kuanza kula chakula chake na wageni, na kulala katika chumba chenye redio na ramani, hata nafasi ya kuuliza ilipungua. Alipompata mezani, alimjibu kwa Kifaransa.

Mwezi wa sita mwaka wa elfu mbili na moja, Rais na mke wake walifanya ziara rasmi Butembo. Njiani, ndani ya gari, Phinées alimweleza Christa jinsi ya kupokelewa. Wanawake wa mitaa yote wangetandika vikwembe vyao barabarani, kama wanavyofanya wakimpokea mkubwa. Maman Présidente angepita juu yake, na kila akikanyaga kikwembe angempa mkono mwenye kikwembe.

"Unahesabu moja, mbili, tatu, unaachia mukono," alisema Phinées. "Kama unakawia, ataanza kukuelezea matatizo."

"Na kama mutu anaweka kikwembe na sipite juu?"

"Hiyo haiwezekanake, Maman. Ni kama kukataa mutu mbele ya watu yote."

Christa alisikia vizuri. Hili ndilo jambo ambalo baadaye hakuweza kujisamehe: hakukosa kwa kutojua.

Mvua ilikuwa imenyesha asubuhi, na barabara ilikuwa uji mwekundu. Vikwembe vilianza penye mzunguko na kuendelea mbali kuliko macho yake yalivyofika. Alivaa viatu vyenye visigino ambavyo Phinées alikuwa amevichagua. Alipokanyaga kikwembe cha kwanza aliona maji ya matope yakipanda kupitia nyuzi, akajua, kama mwanamke wa sokoni anavyojua, kwamba rangi hiyo haitarudi tena. Aliomba msamaha kimoyomoyo, akatoa mkono, akahesabu tatu. Akakanyaga cha pili. Akakanyaga cha ishirini. Wanawake waliimba, na kila mmoja, kikwembe chake kilipokanyagwa, alipiga kigelegele kama aliyepewa zawadi.

Kisha akaona ndege weupe juu ya kijani.

Godelive alikuwa amepiga magoti kando yake, amevaa kitambaa cheusi cha kichwa, mkono wake tayari umenyooshwa. Pembeni, karibu kabisa na kisigino cha Christa, kulikuwa na doa dogo kama punje ya haragi. Christa alitazama viatu vyake vilivyojaa udongo. Alikumbuka vidole vyao vilivyouma ndani ya beseni. Hakuweza. Vya wageni aliweza kuvikanyaga, lakini hicho hapana. Akageuza mguu, akashuka barabarani, akazama kwenye matope hadi kwenye vifundo na kukipita kikwembe kwa kando. Alimtazama Godelive na kumtabasamia, tabasamu la watu wawili wenye siri, lakini alikuwa ng'ambo ya pili na mlinzi alikuwa amekwisha kuingia kati yao. Phinées alimshika kiwiko, akamrudisha kwenye kikwembe kilichofuata. Nyuma yake wimbo ulikatika kidogo, mahali pale tu, kisha ukaendelea.

"Atakuja Bungulu," Christa alijiambia. "Tutacheka."

Godelive hakuja. Wiki ya kwanza Christa aliwaambia walinzi kwamba akifika mwanamke wa Musienene aingizwe moja kwa moja. Wiki ya tatu aliacha kuuliza. Mwezi wa pili alianza kusema moyoni kwamba wivu ni ugonjwa, na kwamba cheo kinamwonyesha mtu rafiki zake wa kweli. Ni maneno ambayo wake wa wakubwa huambiana wakinywa chai, naye aliyachukua yalivyo.

Katika majuma hayohayo alisikia kikohozi. Kilitoka nyuma ya jiko, ambako askari walikuwa wamechimba shimo na kulifunika kwa mbao. Kilikuwa kikohozi kirefu, kikavu, na kilianza kila asubuhi saa ileile alipokuwa akipanga vikombe.

"Ni nani iko naumwa kule?" alimwuliza Phinées.

"Maimai moja, Maman, mupiganaji wa porini. Hapana mambo yako."

Alipeleka uji siku mbili. Siku ya tatu Phinées alimwambia kwamba Rais hakupendezwa, na Christa aliacha. Hakuuliza jina. Asubuhi moja kikohozi hakikusikika; lori lilikuwa limeondoka na wafungwa kwenda Ituri kubeba risasi za jeshi. Christa alipanga vikombe katika ukimya, akahisi nafuu, akashukuru kwamba hatimaye anaweza kunywa chai yake kwa amani.

Aprili ya mwaka uliofuata Zorobabel alipanda ndege kwenda Afrika ya Kusini kwenye mazungumzo. "Nitatuma avion ikukamate," alimwambia mlangoni. Phinées alibeba mabegi. Ndege haikutumwa. Chama kilipasuka tena kikiwa hakina mwenyewe, na maofisa wengine wakaihitaji nyumba ya Bungulu. Walimpa Christa saa tatu za kutoka. Alirudi Musienene juu ya lori la mbao pamoja na watoto wake watatu na kiti kimoja cha sofa, ambacho dereva alikishusha mbele ya nyumba yao ya zamani na mtaa mzima ukitazama.

Mwaka wa elfu mbili na tatu amani ilitiwa sahihi, na Kinshasa wakubwa wa waasi wakagawana vyeo. Zorobabel alipata chake. Chama chake kikawa chama cha siasa, naye akaendelea kuitwa Rais. Ésaïe, ambaye alikuwa na miaka kumi na sita, ndiye aliyeleta habari nyingine. Alikuwa amemwona baba yake kwenye televisheni ya duka moja Butembo.

"Papa amenona," alisema. "Kuko na mama moja pembeni. Wanamuita Madame la Présidente."

Christa aliendelea kuchagua mawe kwenye maharagi. Baadaye aliwaendea wazee wa ukoo wa mume wake, akauliza yeye ni nani sasa. Walimwambia awe na uvumilivu. Mbuzi za mahari, walisema, hazijarudishwa, kwa hiyo yeye bado ni mke wa Rais. Ndivyo alivyobaki na cheo hicho: mke wa Rais kwa mbuzi kumi na mbili, anayepita kwenye mtaro wa soko huku wauza vitunguu wakimcheka.

Godelive alikuwa bado anauza viazi mahali palepale, kwenye nusu ya turubai. Nusu nyingine aliikunja chini ya gunia, hakumpa mtu. Kwa mwaka mzima wanawake hao wawili hawakusemezana. Siku moja ya mwezi wa nane mvua ya mawe ilianguka ghafla, kila mtu akakimbilia chini ya paa la ghala, na wao wakajikuta ukutani bega kwa bega.

"Sema basi," Christa alisema. "Ulinichukia juu nilikuwa bibi ya Président?"

Godelive aligeuka polepole. "Miye ndiye nilikuchukia? Mama Ésaïe, mbele ya Butembo yote ulikanyaga kikwembe ya kila mutu. Ya bibi ya muuza petrole ulikanyaga. Ya yangu ukaenda kwa matope."

"Nilikuwa naionea huruma. Ilikuwa ile ya ndoa yako. Na viatu yangu ilikuwa michafu."

"Huruma." Godelive alilitamka neno hilo kana kwamba analipima uzito. "Unajua nilikuya kufanya nini siku ile? Balikuwa wamefunga Apollinaire. Wiki moja mbele ya siku ile. Balisema bei ya maharagi yenye anasomaka kwa foni ni habari ya askari: ati maharagi mekundu ni bunduki. Nilitembea kwa miguu toka Musienene. Nilisema, Mama Ésaïe atakanyaga, atanipa mukono, nitamwambia sikioni, bwana yake atamufungua. Nikakuona unaniangalia. Unacheka. Unapita pembeni. Nikasema, basi, anajua, na hiyo ndiyo jibu."

Mvua ya mawe ilipiga mabati. Christa alitaka kusema kwamba hakujua, na ilikuwa kweli. Lakini alikuwa amekwisha kukumbuka kile kikohozi cha saa ya vikombe.

"Balimufunga wapi?"

"Bungulu. Balisema kuko shimo."

Angeweza kunyamaza. Hakuna mtu duniani aliyejua ila yeye na Phinées. Alikaa chini juu ya gunia la mtu, akasema akiwa ametazama sakafu:

"Nilimusikia. Alikuwa anakohoa nyuma ya jiko yangu. Kila asubuhi. Nilipeleka uji mara mbili, banikataza, nikaacha. Sikuuliza jina."

Godelive hakulia, wala hakumpiga, ingawa Christa alingoja kupigwa. Mvua ilipoacha akauliza swali moja tu.

"Uji ilikuwa na sukari?"

"Ilikuwa nayo."

"Anapendaka sukari," Godelive alisema, akatoka kwenda kuokota viazi vyake vilivyotawanyika.

Siku ya soko iliyofuata nusu ya pili ya turubai ilikuwa imekunjuliwa. Hakuna aliyesema samahani na hakuna aliyesema imekwisha. Christa alimwaga maharagi yake hapo, na wauza vitunguu wa jirani wakasahau kucheka.

Mwezi wa kumi mtu mmoja wa Musienene, Sikuli, alirudi kutoka Ituri, akiwa amekonda kama fito. Alikuwa kwenye lori lilelile la wafungwa. Apollinaire yuko hai, alisema. Amefungwa pamoja na wapiganaji wa zamani, kwa sababu kwenye karatasi ameandikwa kuwa mwanajeshi wa chama cha Zorobabel. Mkuu wa gereza amesema wazi kwamba Rais wa chama akisaini kuwa huyo ni raia, atatoka siku hiyohiyo. Lakini asikawie, Sikuli aliongeza akimtazama Christa badala ya Godelive, maana sasa anakohoa damu.

Christa aliandika barua tatu kwenda Kinshasa. Aliandika Kifaransa alichojifunza kwa kumsikiliza mume wake akikariri hotuba. Hakuna hata moja iliyojibiwa. Kisha, mwanzoni mwa mwezi wa kumi na mbili, ikatangazwa kwamba Rais wa chama atakuja Butembo na mke wake kufungua ofisi, na kwamba wanawake wa mitaa yote wajiandae na vikwembe.

Phinées alitangulia kuja kuandaa. Miwani yake sasa ilikuwa na namba. Alimpokea Christa amesimama.

"Maman, tunakuheshimu sana," alisema. "Mais unaelewa. Kwa programme kuko Madame moja tu."

"Sikuje juu ya bwana. Nakuja juu ya signature. Apollinaire wa foni. Ule wa shimo, Phinées. Maimai yako."

Phinées alipanga karatasi zilizokuwa zimepangika. "Président hasainake mambo ya njiani. Andika lettre."

"Niliandika tatu."

"Donc andika ya ine."

Alirudi Musienene kwa miguu, na njia nzima alifikiri. Jioni akamwambia Godelive alichoamua, wakiwa wanakunja turubai.

"Lete kile kikwembe."

"Nikitandikie ule malaya wa Kinshasa?"

"Si malaya, ni bibi ya Président. Miye najua kazi ile. Wamemufundisha kukanyaga, kutoa mukono, kuhesabu tatu na kuachia. Hawamufundishe cha kufanya kama mutu hamuachie."

"Basi nitamushika," Godelive alisema. "Nitamupa karatasi."

"Wewe ukimupa, atapatia Phinées, na Phinées ataweka kwa mufuko. Ni miye nitapiga magoti." Christa alivuta pembe ya turubai ikanyooka. "Bwana anakuja nyuma yake. Ataona ni nani iko chini, mbele ya Butembo yote, mbele ya wazee na mbuzi yao. Atapata haya. Haya yake ndiyo kitu moja yenye sijaomba bado. Atasaini ili nisimame."

Godelive aliweka turubai chini. "Watakucheka mpaka ufe, Mama Ésaïe."

"Bamekwisha kuanza."

Na sasa ni Jumamosi, saa nne za asubuhi, kwenye barabara inayotoka uwanja wa ndege wa Rughenda. Mawingu yako chini na wanawake wanayatazama kwa wasiwasi, kwa sababu ndege ndogo haishuki Butembo mvua ikiwa imefunga vilima. Vikwembe vimetandikwa tangu alfajiri. Wauza vitunguu wa Musienene wako mkabala, na mmoja wao amekwisha kumwona aliyepiga magoti, lakini safari hii hasemi kitu. Amemshika mwenzake mkono tu. Phinées anapita mara mbili akikagua safu, na mara zote mbili Christa anainamisha kichwa chini ya kitambaa cheusi alichokiazima kwa Godelive.

Mbele yake kijani kimenyooka, bila mkunjo, ndege weupe wakitazama upande wa uwanja. Doa la mawese ameliweka katikati ya njia, mahali ambapo kisigino hakiwezi kulikosa. Kalamu iko ndani ya blauzi yake, na karatasi imekunjwa mara nne, jina la Syauswa Apollinaire likiwa limeandikwa kwa herufi kubwa ili mtu mwenye haraka alisome. Godelive amesimama nyuma yake na rozari yake mkononi. Kwa mara ya kwanza tangu wafahamiane, Christa anatamani naye angekuwa na kitu cha kushika.

"Akipita pembeni je?" Godelive ananong'ona.

"Hatapita pembeni," Christa anasema. "Ule hanijue. Hawezi kunionea huruma."

Mbali, juu ya mawingu, kuna mvumo. Wimbo unaanza upande wa uwanja na kushuka mtaa kwa mtaa, waendesha pikipiki wanapiga honi zote kwa pamoja, na watoto wanapanda ukutani kuonyesha kwa vidole mahali ambapo bado hakuna kitu cha kuonekana. Mvumo unazunguka, unasogea, unazunguka tena kutafuta tundu kwenye mawingu. Christa anafuta kwa kiganja jani lililoangukia kikwembe, ananyoosha mkono wake wa kulia mbele, tayari, na kusubiri.